Mvinyo wa Kunywa Sasa

Shangazi yangu ameonja wanaume wawili kwa niaba yangu. Wa kwanza alimpitisha, nikaolewa naye, na mpaka leo ladha yake ninayo kwenye fizi. Wa pili alimkataa kabla hata hajamaliza kumnusa. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa uani Ijumaa ile asubuhi, anakwangua udongo wa viatu vyake kwenye ngazi ya chumba cha kuonjea, taratibu mno, kama mtu asiyetaka viatu viwe safi haraka.

Usije ukamwelewa vibaya shangazi. Kuonja ndiyo kazi yetu. Sisi ni watu wa mvinyo mwekundu tangu babu, na baba alipofariki, meza ya kuonjea ikabaki mikononi mwa dada yake. Kuonja mvinyo mzee ni kazi ya kila mwenye mdomo. Shughuli ni kuuonja ungali mchanga, umetoka kwenye pipa juzijuzi, halafu useme: huu ushushwe ghala la chini ukalale miaka, ule utoke sasa hivi unywewe kabla haujakata tamaa. Ni sawa na kumtazama mtoto anayetambaa ukasema huyu atakuwa mzee wa busara, yule atakuwa mzee wa kugombana na majirani.

Mimi nyumbani wananiita Ulimi, kwa sababu mbili, na zote utaziona muda si mrefu.

Nianze na yule wa kwanza. Alikuwa rafiki wa kaka yangu. Mtu wa maneno machache, uso umekunjwa kama bahasha. Alipoletwa nyumbani, shangazi alimkalisha, akamhoji, akamtazama anavyokula, kisha akatoa hukumu yake jikoni: "Mgumu kidogo. Lakini wanaodumu ndivyo wanavyoanza. Mpe muda, atalainika."

Alikuwa anasema kikazi. Mvinyo mchanga unaotarajiwa kuzeeka vizuri huwa na ukakasi, ile hali ya ulimi kukauka kama umelamba kitambaa. Miaka inapita, ukakasi unalainika. Ila kuna jambo shangazi alilisahau siku ile, na yeye ndiye aliyenifundisha: ukakasi hulainika kukiwa na matunda chini yake. Kama matunda hayapo, utasubiri, utasubiri, na siku ukifungua chupa utakuta utamu ulishaondoka zamani na ugumu umekaa sebuleni peke yake, miguu juu ya meza.

Nilisubiri. Halafu nikafunga sanduku langu moja nikarudi nyumbani. Nilichotoka nacho salama ni ulimi.

Ndipo nikamkuta Mchelewa.

Jina lake lilitoka shambani. Yeye ndiye msimamizi wa mizabibu yetu, na mwaka jana wenzake wote wakiwa wameshavuna, yeye aliacha kipande cha mteremkoni zabibu zikiwa bado zinaning'inia. Kila asubuhi anatafuna moja, anatema mbegu kiganjani, anaitazama, anasema, "Bado hazijanena." Kaka alitaka kulia. Mimi nilikwenda kumkemea kwa niaba ya familia, akanipa zabibu moja nitafune, nikasahau nilichotumwa.

Ana umri mdogo kuliko wangu. Si kwa miaka mingi, lakini kwa wanaopenda kuhesabu inawatosha. Anacheka ovyo. Anaimba vibaya na anajua. Ananitazama kama mtu aliyefungua mlango akidhani ni stoo, akakuta bahari. Kwa shangazi, hayo yote ni dalili za ugonjwa mmoja.

Siku ya Jumatatu wiki ile ndiyo tuliyouonja mvinyo wa kile kipande cha mteremkoni kwa mara ya kwanza mezani. Mwekundu mzito, karibu mweusi katikati ya glasi. Ulipofika mdomoni ulijaa kila pembe, laini, wa zabibu zilizoiva hasa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nikamkuta shangazi ananitazama mimi, hautazami mvinyo.

Akatema kwenye ndoo. Meza ile ina sheria moja kubwa: hakuna kumeza. Anayemeza ameacha kazi, anakunywa.

"Mtamu," alisema, kwa sauti ya daktari.

"Una mwili, shangazi. Mwili umejaa."

"Mwili usio na mfupa huzeeka vibaya. Uchachu uko wapi? Unacheka tu mdomoni. Leo mtamu, kesho haupo." Akafuta midomo. "Kama aliyeuleta."

Kaka akaanza kuchungulia ndani ya glasi yake kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

"Tunaongelea mvinyo au mtu?" niliuliza.

"Naongelea vitu vinavyochekacheka. Wewe una miaka yako, mwanangu. Umeshaungua mara moja. Kijana yule sasa hivi anakuona wewe ndiye asali. Akishapevuka je? Na mvumilivu hula mbivu, sikatai, lakini akipitiliza hula zilizooza."

"Ukiuacha wazi utasimama."

Sijui nani aliusukuma ulimi wangu. Hiyo ndiyo mitihani ya kwetu. Mvinyo ukiubishania, chupa unaiacha nusu, kizibo kimewekwa juujuu tu, hewa inaingia. Hewa ya siku chache huufanyia mvinyo haraka kile ambacho miaka huufanyia polepole. Wenye nguvu hufunguka, unakuwa mtamu zaidi ya siku ya kwanza. Usio na nguvu huanguka.

Shangazi alitabasamu, na yeye hatabasamu bure. "Haya. Chupa ikae pale juu ya kabati mpaka Ijumaa. Ukisimama, nitakaa mstari wa mbele kwenye harusi yenu, na viatu vya kubana nitavaa. Ukianguka, unamwacha mtoto wa watu aende zake. Umekubali?"

"Nimekubali."

Kwa hiyo sasa unajua kwa nini viatu vilikuwa vinakwanguliwa taratibu.

Nikiwa nashuka kwenda kwenye chumba cha kuonjea Ijumaa hiyo, wifi yangu alinivuta mkono akaniingiza kwenye chumba cha kujazia chupa. Wifi ni mke wa kaka, na kama kuna mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kula njama, ni yeye.

"Wifi, sema neno moja tu," alininong'oneza. "Chupa ninayo hapa ya mvinyo ule ule, mpya, haijaguswa. Naipunguza nusu, naipandisha kabatini, ile nyingine naimwaga kwenye maua. Nani atajua?"

"Shangazi atajua."

"Shangazi anajua kila kitu isipokuwa kupika. Fanya upesi."

Nakuambia ukweli, niliitazama ile chupa kwa muda. Niliitazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama dirisha la mkahawa.

"Wifi, nikishinda kwa chupa ya wizi, nitakuwa nimeolewa na chupa."

"Kuna walioolewa na vibaya zaidi ya chupa," alisema. "Wewe mwenyewe shahidi." Lakini alikuwa tayari anairudisha kwenye rafu, na machozi yamemlengalenga, maana wifi ni mwizi mwenye moyo mwepesi.

Nikapita uani. Mchelewa alisimama aliponiona. Vidole vyake vilikuwa na ile rangi ya zambarau ambayo haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Hatukushikana. Dirisha la shangazi linatazama pale. Tulisimama kila mmoja upande wake wa ngazi, na nafasi kati yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliisikia harufu ya jua kwenye shati lake.

"Umeuonja?" aliuliza.

"Bado."

"Umelala?"

"Nimelala kama mtu mwenye wifi. Wewe?"

"Nimelala kama msimamizi. Nikiamka kila saa kuuliza kama kumekucha." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. "Ukikuta umeanguka, utasemaje?"

"Nitasema umesimama."

"Hapana."

"Kwetu mdogo husema kwanza, ili asifuate mdomo wa mkubwa. Nikisema umesimama kwa uso mkavu, kaka atanifuata. Tutakuwa wawili kwa mmoja."

"Hapana, Ulimi." Alilisema jina langu taratibu, kama anaweka kitu cha kioo mezani. "Ulitoka kule na sanduku moja na huo ulimi. Usiuuze kwa ajili yangu. Utakuja kunichukia, na mimi sitakuwa na la kujibu."

"Na nikikupoteza?"

Alinitazama, na nilitaka kumwambia aache, maana mtu akitazamwa hivyo hawezi kuonja chochote tena siku nzima.

"Hunipotezi," alisema. "Mimi si wa kudondoka mfukoni. Nenda. Nitasimama mlangoni."

Ndani, shangazi alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, kitambaa cheupe kimetandikwa ili rangi ionekane vizuri. Kaka kulia kwake. Wifi akaja kukaa mwisho wa meza, anapiga chafya za uongo. Mlango uliachwa wazi, na Mchelewa akasimama kizingitini, kofia mkononi. Wa shambani hawakai meza ile. Haijaandikwa popote, ndivyo ilivyo tu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Usizibe mwanga."

Akasogea pembeni. Shangazi akaishusha chupa mwenyewe, akaimimina kwenye glasi tatu, sawasawa, bila tone kumwagika. Akanisukumia yangu.

"Mdogo aanze."

Niliuinua juu ya kitambaa. Rangi bado ilikuwa nzuri, lakini rangi huongopa. Nikanusa. Zile zabibu zilizokuwa zinacheka Jumatatu zilikuwa zimenyamaza, na badala yake kulikuwa na harufu ya matunda yaliyochemshwa yakasahaulika jikoni. Nikaweka mdomoni. Ulipita katikati ya ulimi kama mgeni aliyekosea nyumba, na mwisho wake ukawa maji, maji yaliyolowekwa msumari. Niliuzungusha tena. Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta kila kona, kama mama anavyotafuta mtoto sokoni.

Nikatema.

Wifi alikuwa ananikodolea macho, midomo inasema bila sauti: umesimama, umesimama.

"Umeanguka," nilisema.

Kaka akauonja wake, akatema, akanitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimemwomba. Shangazi akauonja, akatema, akaitika kwa kichwa.

"Umeanguka," alisema shangazi. Hakufurahi, nimpe haki yake. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Una ulimi wa kweli, mwanangu. Baba yako angejivunia. Basi yamekwisha. Mwambie kijana aende kwa amani."

"Siendi kumwambia hivyo."

"Mdogo wangu," kaka akaingilia, "makubaliano ni makubaliano. Ulikubali mbele ya watu."

"Nilikubali mbele ya watu. Na sasa nakataa mbele ya watu wale wale. Mko wote, hakuna atakayesema hakusikia."

"Ulimi," shangazi alionya.

"Ngoja, shangazi. Kwa heshima zote, leo ngoja." Nilikuwa nimesimama na sikumbuki kusimama. "Mvinyo umeshindwa. Mimi sijashindwa. Mlinipa mwanamume mgumu mkaniambia nimpe muda. Nikampa. Nilikaa naye mpaka nikajifunza kutembea ndani ya nyumba yangu bila kiatu kulia. Hakuwa na matunda, shangazi. Wewe mwenye ulimi kuliko wote hapa ulionja ugumu ukauita nguvu. Sasa huyu anacheka, na wewe unaonja kicheko unakiita udhaifu."

"Kwa hiyo unaniambia huyu atadumu."

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Na wewe hujui. Mvinyo nitakuambia. Mtu, ulimi haufiki huko. Nitamchukua bila kujua, kama kila aliyewahi kupenda. Akiwa siki nitamfanyia kachumbari, lakini atakuwa siki niliyoichagua mwenyewe."

Wifi akajifunika uso kwa aproni. Mabega yalikuwa yanacheza.

"Mama," sauti ikatoka mlangoni. "Naomba nionje."

Shangazi aligeuka polepole. Nadhani hakuna mtu wa shambani aliyewahi kuomba kitu kile katika chumba kile. Labda ni mshangao tu, lakini aliisogeza glasi yake mwenyewe hadi ukingo wa meza. Mchelewa aliingia, akaichukua kwa shina, si kwa tumbo, akanusa, akaonja. Nilimwona anatafuta kama nilivyotafuta. Nilimwona anakosa. Akainama, akatema kwenye ndoo kwa adabu.

"Umeanguka," alisema. "Na ni kosa langu."

Kaka akainua kichwa.

"Zabibu zilikuwa tayari kabla ya lile joto la mwisho. Nilijua. Lakini nilipenda zilivyokuwa mdomoni nikataka siku moja zaidi, kisha nyingine, na uchachu ukawa unaondoka mimi nikitafuna. Shangazi wa nyumba hii ameonja sawa. Mwakani nitavuna nusu mapema, nusu baadaye, nichanganye."

"Nani kakuambia una mwakani hapa?" aliuliza shangazi.

"Hakuna, mama. Kama si hapa, kwingine. Mzabibu hauulizi shamba ni la nani."

"Na binti wa ndugu yangu?"

"Huyo sikumleta kuonjwa."

Alisema bila ukali, kofia bado mkononi.

Nikueleze kitu kuhusu uchachu. Huuonji kwa mbele ya ulimi. Unaujua kwa sababu mate yanajaa yenyewe pembeni, chini ya mashavu, hutaki unataka. Ndio unaoushika mvinyo ukasimama miaka. Basi mimi, kinywa kitupu, niliposikia mwanamume anasema "kosa langu" mbele ya watu waliomtaka ashindwe, mate yalinijaa. Katika ndoa yangu yote sikuwahi kuyasikia maneno yale mawili, hata kwa sahani iliyovunjika. Nikamtazama shangazi. Shavu lake lilicheza. Kisha koo likapanda na kushuka, na glasi yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mimi sikungoja aseme.

Nilikwenda chumba cha kujazia chupa, nikaichukua ile chupa ya wifi kwenye rafu, nikarudi nayo, nikachomeka kizibuo.

"Unafanya nini?" aliuliza kaka.

"Shangazi alisema tangu Jumatatu kwamba huu ni mvinyo wa kunywa sasa. Namwamini. Ameonja sawa."

Kizibo kikatoka. Nikamimina glasi safi, nikainusa kwa furaha tu, si kwa kazi, na pale, kwenye meza ya babu yangu, mbele ya ndoo, nikanywa. Nikameza. Ulishuka laini, wa joto, zabibu zote zikicheka kwa pamoja, na sikuuomba unihakikishie kesho. Nikampa Mchelewa glasi ile ile, upande ule ule niliogusa. Alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akameza. Niliona koo lake, na sitakuambia nilichowaza.

"Mungu wangu," alisema wifi kwa raha kubwa.

"Tunakwenda," niliwaambia. "Tarehe tutawaletea. Atakayekuja karibu, atakayenuna anunie kwake, viti ni vichache."

Nikashika mkono wa zambarau mbele ya kaka, mbele ya dirisha, mbele ya ndoo. Tulikuwa tumefika kizingitini.

"Ulimi."

Niligeuka na maneno yangu yakiwa yamejipanga, maana nilikuwa bado nina mengine.

Shangazi alikuwa ameivua miwani. Kwa mguu, bila haraka, aliisukuma ile ndoo ya kutemea mpaka chini ya kabati, mbali na kiti chake. Akaipindua glasi tupu iliyokuwa imelala kifudifudi kwenye kitambaa, ikasimama.

"Chupa mnaipeleka wapi?" alisema. "Rudi unimiminie. Na usijaze, bado niko kazini."

Nikarudi. Nikajaza mpaka ukingoni.